Baraza Nje ya Handaki

Mwaka wangu wa mwisho wa kusomea usanifu majengo, Stockholm, nilichoshwa na nyumba moja ambayo sijaiona kwa macho mpaka leo. Ilikuwa Ufaransa, nyumba ya kabaila mdogo, iliyojengwa enzi za vita vyao na Waingereza, vile vita visivyokwisha. Ngome hakuiweza, basi akaomba ruhusa kwa mkubwa wake aizungushie nyumba handaki la maji. Chini ghala lisilo na madirisha, matundu tu ya kupitishia mishale. Juu ukumbi wa kulia na kulala. Ngazi imejikunja ndani ya mnara mwembamba, mtu mmoja apite kwa shida. Choo kimening'inia ukutani, uchafu unaanguka handakini. Nilipomsimulia mke wangu habari ya choo alicheka, na alikuwa hajacheka siku nyingi.

Upande wa mbele ulibomoka zamani. Mtihani wangu ulikuwa kuuchora ulivyokuwa. Nikifaulu, tunarudi kwetu Tanga. Nikishindwa, muhula mwingine na baridi nyingine.

Mke wangu alikuwa muuguzi msaidizi hospitalini, Flemingsberg. Alirudi kwa basi, kwa treni, kisha metro ya kijani mpaka Vällingby tulikopanga, akavua viatu na kukaa sakafuni palepale mlangoni, maana kufika kwenye kiti ilikuwa safari nyingine.

"Mfaransa wako keshakwisha?"

"Bado."

"Mwambie na sisi tuna kwetu."

Nikachora. Daraja la kuinua, lango, minara miwili. Na mbele, ng'ambo ya handaki, nikaweka baraza mbili za mawe, kulia na kushoto. Sikufikiri. Kwetu hata mwenye kibanda ana baraza, mkono ulijiendea wenyewe.

Mwalimu, mzee mpole wa kuvuta kiko, aliziwekea kidole. "Hizi ni nini?"

"Pa kukaa wageni."

"Wageni gani?"

Nikamwambia yeyote: jirani, mpita njia, mtu anayemsubiri mwenye nyumba amalize kula. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Nyumba hii inaogopa watu," akasema. "Wewe umechora nyumba inayowangoja. Rudia muhula ujao."

Nilimweleza mke wangu nikiwa bado na koti mwilini. Nilitaka agombe, nami nipate wa kugombana naye. Hakugomba.

"Miaka yote hii," akasema, "jirani wa mlango wa pili hata sauti yake hatuijui. Na bado hujui kuchora nyumba inayoogopa watu?"

Wino kwenye karatasi ya kuchorea haufutiki kwa raba, unakwanguliwa kwa wembe. Nikakaa mezani nikazikwangua baraza zote mbili, taratibu, karatasi isichanike. Kisha nikaugeukia mlango wetu wenyewe, na mnyororo wake, na kile kitundu cha kuchungulia. Nikavihamishia vyote kwenye lango la Mfaransa. Nikamwekea na mlinzi dirisha la juu, amwone mtu kabla hajaonwa. Majira ya joto yalipokaribia nilifaulu. Mwalimu alinipa mkono, akasema sasa nimeielewa.

Tukaanza kufunga mizigo. Jioni moja nikachora nyumba yetu, ile tutakayoijenga kwenye kiwanja cha baba. Uchovu ulikuwepo, ila nilichora kwa furaha. Nikampelekea mke wangu, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Akapitisha kidole kwenye ukuta, kwenye geti, mpaka mlangoni. Akarudi mwanzo, akapitisha tena.

"Mume wangu," akasema polepole, "watu wakija, watakaa wapi?"

Nikatazama mbele ya mlango: hapakuwa na baraza hata moja. Safari hii mkono haukuwa umejiendea popote.