Kitufe cha Mwalimu wa Kwaya

Mimi chungu sinunui kwa macho. Mnadani Issuna nakigonga kwa kidole, mara mbili, maana mara ya kwanza hata chenye ufa kinaweza kukudanganya.

Mwalimu wetu mpya wa kwaya hatukumgonga hata mara moja. Alikuja na kinanda cha umeme na miwani ya jua, tukamkabidhi kwaya nzima. Mama aliyetufundisha miaka yote kwa mdomo mtupu, kila sauti ikijitafutia do, noti yake ya kuanzia, akarudishwa kwenye mstari wa soprano.

"Shikamoo mama," mwalimu alimwambia. "Mambo ya kuimba kwa sikio yamepitwa na wakati."

"Marahaba, baba." Basi.

Mimi ni besi, nasimama nyuma, naona vidole. Vya mwalimu vilianzia palepale kila wimbo. Wimbo ukiwa juu mno havihami. Anabonyeza kitufe, kinanda chenyewe kinashusha sauti hatua moja. Wimbo wetu wa mashindano alikibonyeza mara nne. Mazoezi yaliyofuata nikahesabu tena: nne. Nikanyamaza, eti si biashara yangu.

Mshindi ndiye angeimba siku ya kumpokea askofu. Mama alikuwa ameingoja siku hiyo tangu aanze kufundisha, na sare tulishashona.

Siku ya mashindano ikafika. Waamuzi wakasema: wimbo wa kwanza, bila chombo. Mwalimu akatoa simu yenye programu ya kinanda, akabonyeza noti ileile ambayo vidole vyake vinaijua. Simu haikuwa na habari za zile hatua nne za kushuka. Tukaanzia hukohuko juu. Kufika kiitikio, soprano wanalia kama kuku aliyeshikwa miguu.

"Kazeni!" mwalimu akafoka kwa mnong'ono. "Hamna pumzi!"

Mama akainua mkono, tukanyamaza wote. Akaguna do, chini, kifuani. "Hapa, wanangu."

Wimbo ukakaa. Ila kuanza upya ni kosa, waamuzi wakatukata alama. Askofu akaimbiwa na kwaya ya Misigiri.

Mwalimu alisema simu ilikuwa na chaji ndogo.

"Kwani chaji ikishuka, noti inapanda?" nikamuuliza. Akavaa miwani yake ya jua.

Jumamosi iliyofuata mama alisimama mbele, kinanda kimefunikwa kitenge.

"Besi, nipe do."

Nikatoa. Akasikiliza, kichwa upande.

"Tena."

Nikatoa tena, bila kunung'unika.