Waya Niliouchomeka kwa Usafi Wangu

Mie mtu wa nyumbani. Hata tukenda bondeni Wadi Bani Khalid kutembea, jamvi halijatandikwa nishauliza tunarudi saa ngapi. Basi mkuu wa ofisi yetu hapa Ibra, Oman, aliposema, "Mtandao ukizima tena, kazi yenu inahamia Sur, na nyinyi pamoja nayo," wenzangu walicheka. Mie nikauwaza mji ule wa pwani, mbali na nyumbani, finjani nikaiweka chini.

Wanawake watatu tulikuwa tukinywea kahawa chumba cha swichi, lile sanduku linalounganisha kompyuta zote. Kina baridi nzuri na mlango wa kujifungia, tukifunua nyuso tukistarehe. Asubuhi moja nikaona waya, ncha moja imo kwenye swichi, ya pili imelala jamvini karibu ya tende. Mama, mzaliwa wa Unguja, kanilea kila kitu kiwe na pahala pake. Nikaitia ile ncha katika tundu jengine la swichi lililo wazi, nikajiona hodari. Finjani haijanizungukia, kompyuta zote zimekwama.

Fundi alitoka Nizwa, mwanamke mwenzetu, mzaliwa wa Bujumbura. Aliufuata ule waya kwa kidole.

"Dada, huu umeanzia humu na umeishia humu humu. Habari zinazunguka tu, hazina pa kutokea. Nani kauchomeka?"

"Mie. Ulikuwa ukizagaa."

"Waunguja nyie! Usafi mpaka mnaua mtandao!"

"Na nyie wa bara mnaacha waya chini kama nyoka, tufanyeje?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mie nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Nikamweleza habari ya Sur.

"Njoo ukae," akasema. Akauchomoa waya, akaifungua mipangilio ya swichi kwenye kompyuta yake, akanipa kiti. Swichi, alinieleza, itakuwa ikipeleka salamu kila tundu. Salamu yake ikiirudia yenyewe, itajua pana mzunguko, italifunga tundu lile tu, mengine yaendelee na kazi. Kinga ile niliiwasha mwenyewe, tundu baada ya tundu, yote ishirini na nne, nikisoma kila mstari mara mbili kama nasaini talaka.

"Hifadhi. Haya, uchomeke tena ule waya."

"Wallahi siuchomeki!"

"Uchomeke, ndo utaamini."

Mkuu akaingia, nami waya mkononi. "Mnafanya nini?"

"Tunajaribu kinga. Kaiweka huyu," akajibu fundi.

Nikapiga bismillahi, nikauchomeka. Taa ya tundu lile ikazima. Huko nje watu wakaendelea kuandika, hapana aliyepiga kelele.

"Na aliyeuzima mtandao asubuhi nani?" mkuu akauliza.

Fundi alitazama dari. Angeweza kunificha, lakini sikutaka aseme uwongo kwa ajili yangu. "Ni mie pia," nikasema.

"Ukimpeleka Sur," fundi akadakia, "hapa nani ataijua swichi hii? Mie niko Nizwa, saa mbili njiani."

Mkuu akanitazama, akautazama waya. "Khalasi, abaki. Lakini kahawa mkanywee kwengine."

Tukahamia stoo, joto kama tanuri, na wenzangu hawajanisamehe. Fundi kila akija Ibra hali chakula mkahawani. Namchukua nyumbani kwa mama, nampakulia mwenyewe, na nyama yake huwa kubwa kuliko yangu.