Miezi Saba Nikiwa Mzambia

Mjomba wangu alikuwa na beseni la kuogea la Wajerumani. Sisemi karai. Nasema beseni la chuma zito, refu kama jeneza, jeupe kwa ndani, na miguu minne iliyotengenezwa kama makucha ya simba. Lilitoka kwenye nyumba moja ya zamani pale Lushoto. Lilitokaje sikuambiwa na sikuuliza, maana mjomba alikuwa mkali. Wanaume walilibeba kwa zamu mpaka Mlola, na mmoja akavunjika kidole cha mguu. Mjomba akaliweka nyuma ya nyumba, akawa analitumia kunyweshea mbuzi. Sisi watoto tulikatazwa kuingia, na tuliingia. Siku moja nilikaa humo na mbuzi mmoja, yeye anakunywa upande wa miguu, mimi nimejiegemeza upande wa kichwa nikijiona mkuu wa wilaya, mpaka fimbo ya mjomba iliponikumbusha mimi ni nani.

Beseni hilo ndilo lililomleta mzungu wa ndege. Wakati huo nilishakuwa kijana, shule nimeiacha darasa la tatu baba alipougua, nalima viazi na kabichi. Mzungu alikuwa anapita na darubini yake, macho juu kwenye miti akitafuta ndege, akaja kujigonga kwenye lile beseni. Alipoliona akacheka mpaka akakaa chini. Mjomba akadhani anachekwa yeye, akafuata panga. Mimi nikawekwa katikati kusuluhisha, na Kiingereza sikuwa nacho hata cha kuombea maji. Yakaisha kwa mzungu kuoga humo, debe nne za maji ya moto, mbuzi wakimtazama. Kesho yake akanichukua nimbebee mizigo msituni.

Nilimbebea misimu mingi. Kiingereza nilikipata hivyo, nikiwa nyuma yake na mzigo kichwani. Kwanza majina ya ndege, halafu simama, nyamaza, tazama kushoto, mjinga wewe. Akishikwa na homa alikuwa anaongea peke yake juu ya mama yake, nayo nikajifunza. Alipoondoka kabisa nilikuwa naweza kugombana kwa Kiingereza, jambo ambalo wengi waliomaliza kidato cha nne hawaliwezi. Kuandika ndiko kulikonishinda. Herufi zangu hutembea kama kuku aliyenyeshewa.

Baadaye, mvi zikiwa zimeshaingia, nikawa nawapeleka wageni Irente kwenye lile jabali la kutazamia bondeni. Nawaonyesha njia, nawaeleza mimea, nawakataza kusogea ukingoni. Siku moja kulikuwa na bwana mnene amesimama karibu yetu, amevaa viatu vya mjini, hatazami bonde. Ananisikiliza mimi. Wageni walipokaa kula mkate na jibini, akanifuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Unafundisha shule gani?"

Sasa nisikudanganye. Watu wakinisikia nikieleza habari hii hudhani nilifuata mshahara. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kawaida. Ni lile swali. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunidhania mwalimu. Kule kwetu mwalimu akipita, hata wazee waliokaa kwenye benchi la dukani hujisogeza apate nafasi. Mimi nikipita walikuwa wananiuliza ndege wamesemaje leo. Kwa hiyo yule bwana aliponiambia yeye ni mkurugenzi wa shule ya Kiingereza, shule yake mwenyewe, huko upande wa pili wa bonde kwenye mashamba ya chai mbele ya Bulwa, na kwamba anatafuta mwalimu wa kuzungumza, si wa kuandika, nilikubali kabla hajamaliza. Mke wangu aliniuliza kama nimerogwa.

Upande wa pili tunauona kutoka kwetu anga ikiwa safi, lakini kwenda ni kushuka hadi Mombo, kupita Korogwe, mpaka Muheza, halafu kuanza tena kupanda. Muheza mkurugenzi akanipokea na gari lake. Tulipofika katikati ya mlima akapunguza mwendo.

"Mzee, kuna jambo dogo. Huko tunakokwenda wewe umetoka Zambia."

"Zambia sijafika."

"Na wao hawajafika. Nani atakukamata?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba wazazi wakisikia mwalimu katoka Mlola watasema huyu si ni kama sisi tu, lakini akitoka nje ya nchi watamleta mtoto na mdogo wake.

"Na Kiswahili?"

"Hukijui."

"Na Kishambaa?"

"Hicho ndiyo kabisa."

"Mtu akiniamkia je?"

"Unatabasamu."

Ningeshuka pale pale. Lakini kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na suti ya kijivu ya mikono mifupi, imenyooshwa, ameniletea mimi. Nikaiangalia, nikabaki kitini.

Shule ilikuwa na vyumba vinne na mimi nilifundisha vyote vinne. Alfajiri niko getini kupokea watoto, jioni ndiyo nakaa. Kitambulisho changu mkurugenzi alikichukua akisema anakwenda kuniandikisha, kikabaki kwenye droo yake. Chumba changu kilikuwa stoo, nalala upande mmoja na magunia ya maharage upande mwingine. Jumamosi walimu wote tulipelekwa kwenye shamba lake kuchuma iliki, na yeye aliita mazoezi ya viungo. Msikitini alinikataza, maana ningesalimiana na watu. Nikamwambia salamu ya msikitini haina nchi. Akasema Wazambia wengi ni Wakristo, usituharibie. Nikawa naswali kwenye magunia. Na shikamoo, tangu ile ya Irente, hakunipa tena.

Lakini watoto nilifundisha. Hilo sitaki mtu aniondolee. Vitabu vilikuwa vichache na vimechanika, kwa hiyo niliwatoa nje mpaka ukingoni mwa chai, nikawa nawafundisha kama nilivyofundishwa mimi, simama, nyamaza, tazama kushoto. Sema unachokiona. Kufikia mwezi wa tatu walikuwa wanasema maneno mengi marefu juu ya kunguru, na kila mmoja kunguru wake. Waliniita mwalimu kwa sauti moja asubuhi, nami nikawa nasikia vizuri moyoni kuliko inavyofaa kwa mtu mzima.

Kulikuwa pia na kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto akisikika anaongea Kishambaa au Kiswahili anavishwa shingoni mpaka amsikie mwenzake naye akikosea. Mimi ndiye niliyeamriwa kukivisha, na nilikivisha. Sitaficha.

Mpishi wa shule ndiye aliyenigundua. Mama mmoja mwenye mabega mapana, mdomo haujui kupumzika. Siku hiyo uji wa moto ulinimwagikia mkononi, na mtu akiungua hachagui lugha. Nilitukana Kishambaa safi cha Mlola. Akaweka mwiko chini.

"Ehee. Zambia wanatukana vizuri."

Nikatabasamu, kama nilivyoagizwa.

"Usihofu, baba. Hata mimi nilimwambia mkurugenzi nimepikia hoteli Tanga. Hata mlango wake siujui." Tangu hapo kila nikienda jikoni ananipigia kelele, "Mzambia, njoo ule kabla hakijapoa," na ugali wangu ukawa mkubwa kuliko wa wengine. Jikoni peke yake ndiko nilikokuwa naongea, kwa kunong'ona, mgongo nimeupa mlango.

Mwezi wa tano kaka yangu alifariki. Mke wangu alinipigia simu, nikaipokelea nyuma ya choo, namjibu kwa sauti ya chini kama mwizi. Nikaenda ofisini.

"Nimefiwa na kaka yangu."

"Pole sana. Wapi?"

"Wapi tena? Mlola."

Mkurugenzi akafunga mlango. "Mzambia gani ana kaka Mlola?"

"Basi waambie nimefiwa Zambia."

"Zambia ni mbali, utarudi lini? Ukirudi keshokutwa watahesabu siku. Mzee, vumilia. Likizo iko karibu, utakwenda kuweka maua."

Sisi hatuweki maua. Sisi tunakwenda kuzika, na asiyekwenda anaulizwa. Ningeweza kuondoka siku ile, nguvu za miguu nilikuwa nazo. Sikuondoka. Nilijiambia ni kwa ajili ya kitambulisho, lakini kitambulisho mtu hupata kingine. Nilibaki kwa sababu kule kwetu ningerudi kuwa yule wa ndege. Kaka yangu alizikwa mimi nikifundisha siku za wiki, watoto wanaitikia, Jumatatu, Jumanne, mpaka mwisho. Hilo nimeshamweleza mkewe na watoto wake, na walivyonijibu ni haki yao.

Sasa nifike kwa yule bibi.

Alikuwa mchuma chai, amenizidi umri, na kila asubuhi alipita getini na kikapu mgongoni akimleta mjukuu wake wa kike aliyekuwa darasa la pili. Siku ya kwanza aliniamkia kwa Kishambaa, "Onga makeo." Nikatabasamu. Akamwambia mtoto, masikini, mgeni huyu hana hata wa kumsalimia. Siku ya pili akaanza kunifundisha. Anasimama mbele yangu, anaitamka ile salamu polepole kama anamlisha mtoto, ananisubiri, nami natikisa kichwa kama mjusi kwa sababu mkurugenzi yuko dirishani. Hakukata tamaa. Na kwa kuwa sikuelewa, akawa ananiambia mambo yake yote. Watu huongea hivyo na ng'ombe. Kwamba binti yake yuko Dar es Salaam na simu haipigi. Kwamba mume alikufa zamani. Kwamba nyumba ile bila huyu mtoto ingekuwa kimya kabisa, na jioni wakikaa jikoni mtoto humsimulia mambo ya shule, naye humsimulia hadithi za zamani, mpaka chakula kinaungua. Mimi nasimama na suti yangu, namsikiliza, uso wa Zambia.

Mwezi wa saba ukawekwa mkutano wa wazazi. Walikuwa na maneno, na walikuwa na haki. Vitabu hakuna, walimu wawili wameshakimbia. Mkurugenzi alinikalisha mbele kwenye kiti cha pekee chenye mto. Wazazi wakaanza kuuliza kila mmoja habari za mtoto wake. Mkurugenzi ananiuliza kwa Kiingereza, namjibu, yeye anawageuzia wazazi. Nilikuwa nasikia anavyogeuza. Nikisema huyu anahitaji kitabu, yeye anasema huyu anahitaji bidii. Nikanyamaza. Nilishazoea.

Yule bibi akasimama, akauliza kwa Kishambaa kama mjukuu wake anaendelea. Mkurugenzi akaniuliza. Nikajibu kwa Kiingereza kwamba mtoto huyu ndiye bora darasani, anasema vizuri na anasimulia vizuri kuliko wote, na aliyemfundisha kusimulia si mimi.

Mkurugenzi akageuka kwa wazazi.

"Mwalimu anasema mtoto ana kichwa kizito. Anasema kosa liko nyumbani, mnawasemesha Kishambaa usiku na mchana. Bibi, mwalimu anasema ukitaka mtoto huyu afaulu, acha kuzungumza naye."

Watu wakanong'ona. Bibi akabaki amesimama, ameshika ncha ya kanga yake.

"Kabisa?"

"Kabisa. Mpaka ajue Kiingereza."

Akafikiri kidogo. Halafu akasema, bila hasira, "Basi nitanyamaza. Kula nitamwonyesha kwa mkono. Kulala nitamwonyesha kwa mkono." Akanigeukia mimi. "Ahsante, mwalimu."

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nilimpa shikamoo yake kwanza, maana nilikuwa nimemnyima miezi saba, kisha nikaendelea kwa Kishambaa, kwa sauti ya mtu wa shambani, wote wasikie.

"Mama, usinyamaze. Sikusema hivyo. Nimesema mtoto wako ndiye wa kwanza, na ni kwa sababu ya hadithi zako. Nenda nyumbani ukaongee naye mpaka chakula kiungue."

Mkurugenzi ndiye aliyewahi kucheka.

"Mnaona wazazi? Wazambia wanavyojua kujifunza lugha. Miezi saba tu."

"Mimi ni wa Mlola," nikasema. "Zambia sijafika. Nimesoma mpaka darasa la tatu. Kiingereza nilifundishwa na mtu wa ndege, na watoto wenu nimewafundisha kwa haki, ila jina nililowafundishia lilikuwa la uongo, na kibao kile niliwavisha mimi. Mnisamehe kwa hilo."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Nilijua. Mzambia gani anatembea kama Mshambaa?" Watu wakaanza kucheka, wengine wakaanza kugomba, na mpishi mlangoni alikuwa amejifunika uso na upande wa kanga, mabega yanamtikisika. Bibi hakucheka. Nadhani alikuwa anakumbuka yote aliyoniambia pale getini. Halafu akasema, "Kumbe ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia, mama. Nisamehe."

"Yale ya binti yangu usiyapeleke Mlola."

"Siyapeleki."

Akakaa. Mkurugenzi akaniinamia sikioni, akasema kwa Kiswahili, ambacho mbele ya watu hakuwahi kunisemesha, "Mzee, kaa chini. Haya tutayamaliza ofisini, mimi na wewe. Kazi yako bado ipo. Nitawaambia ulikuwa unawapima."

Ilikuwa bado asubuhi, ukungu ndiyo unatoka kwenye chai. Nilipita katikati ya mabenchi, nikashuka ngazi, nikatoka getini. Nguo zangu nyingine zilikuwa stoo kwenye magunia, na viatu vyangu vya njia pia, kitambulisho bado kwenye droo yake; miguuni nilikuwa na vile vyeusi vya shule vinavyobana. Nikavivua, nikavishika mkononi, nikashika barabara ya kuteremka Muheza. Sikurudi huko tena.