Mke Wangu Alirudi kwa Miguu

Nina kifafa tangu nikiwa kidato cha tatu, kwa hivyo sijawahi kuendesha gari, na daktari aliniambia nisithubutu. Hilo si kosa langu. Kosa langu ni kwamba tulipokuwa tukitafuta nyumba ya kununua, nilimdanganya broka.

Broka mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo, mcheshi, aliyetupeleka kwa gari lake kuona nyumba moja mbele ya Njoro, ndani kabisa kwenye mashamba ya ngano. Alisema ni dakika tano kutoka lami. Mabroka wetu hupima hivyo, wakiwa wamekanyaga mafuta. Njiani akaniuliza ninaendesha gari gani. Nikamtajia gari la shemeji yangu, nikasema liko kwa fundi. Mke wangu, aliyekuwa kiti cha nyuma, akageukia dirisha.

Nyumba ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Vyumba vitatu, tangi la maji, na banda la gari lenye sakafu mpya ya saruji. Nilisimama katika lile banda nikajiona mwanamume kamili, mjinga mimi. Nikatangaza kwamba tumepata. Mke wangu akasema ni sawa, ila yeye angerudi hadi barabarani kwa miguu. Broka akacheka, akamwambia jua ni kali. Nami, badala ya kutembea naye, nikapanda kiti cha mbele na kufunga mlango, kwa kuwa mwenye gari hatembei.

Tulimpita kwenye kona ya kwanza. Alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi. Broka alipunguza mwendo kidogo. Mimi nikapandisha kioo kwa ajili ya vumbi, na vumbi lote likamwendea yeye. Hadi leo nikikikumbuka kile kioo naona haya, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Tulimngoja kwenye lami karibu saa nzima. Nilikunywa soda. Alipotokea, leso na nyusi zimejaa vumbi, nilijua ataniumbua, na nilistahili. Hakuniumbua. Alimshukuru broka, akamwambia tutafikiria.

Tulipobaki wawili nikaanza kujitetea haraka haraka. Nikasema najua ni mbali kwake na mizigo ya soko, lakini bodaboda zipo, na mtu huzoea. Aliniacha nimalize.

"Mimi miguu yangu iko sawa," akasema. "Nilikuwa nahesabu mageti. Kutoka kwa hiyo nyumba mpaka hapa ni matatu tu, kwingine kote ni ngano. Siku ukianguka hapo katikati, nani atakuona?"

Nilimwomba anipe viatu nivipanguse. Akasema havina shida, akavivaa hivyo hivyo.