Wimbo wa Pumzi kwa Papa Amisi

Nakumbuka mchana mmoja wa vita, mwanangu, tulipomlilia Papa Amisi huko Alunguli kwa sauti za chini, kama watu wanaoiba. Alikuwa mpiga ngoma wa fanfari, bendi ya parokia, na kwetu mwanafanfari hazikwi bila wimbo. Lakini wenye bunduki walikuwa wameweka kizuizi karibu na kivuko. Wakisikia muziki wangejua tumekusanyika, na vijana wangechukuliwa kuwabebea mizigo porini.

Papa Musafiri, mkuu wa fanfari, aliniambia nipige klarineti peke yangu.

"Papa, watatusikia!"

"Puliza pumzi tupu. Mwanzi wa kinywani usilie. Vidole njo vitagonga vibonyezo."

"Ile iko muziki gani? Njo kuku anadonoa muhogo!"

Hakucheka. "We mutoto, unapigia masikio yako ao unamupigia mufu?"

Nikaketi kando ya jeneza, nikaanza. Pumzi ilipita kama upepo kwenye majani ya mahindi, vibonyezo vikigonga mwendo wa wimbo. Niliogopa jambo moja: mwanzi huweza kupiga yowe wenyewe, midomo ikitetemeka kidogo tu.

Mama Zaina, mjane, alikuwa ameinama. Nilipofika kwenye kiitikio, midomo yake ikaanza kutamka maneno, bila sauti. Kisha viatu vya wenye bunduki vikasikika nyuma ya ua wa matete. Vikasimama. Sikuacha, ila nilipunguza mpaka mimi mwenyewe sikujisikia. Vikaondoka. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Leo, mwanangu, unapiga klarineti peke yako mbele ya watu: sauti mbili kwa pumzi moja, ulimi unaoupiga mwanzi ukaalika kama kijiti kikavu, pumzi tupu, vibonyezo vitupu. Umejifunza mambo haya kwenye simu. Mimi pia niliyatafuta baadaye, moja moja, nikajua kumbe yana majina. Sikukatazi. Ila nikivisikia vile vibonyezo, shingo yangu bado hugeukia mlangoni. Na nina wasiwasi mwingine: naona umezivaa sauti hizi kama shanga.

Basi shika hili. Kabla ya kutoa sauti ngeni, jiulize unampigia nani. Kama hujui, piga wimbo ulivyo, si aibu. Na ukijua, usiache hata ukiogopa.

Mungu akuwekee pumzi ndefu, mwanangu. Na kila utakapopiga kwa ukimya, iwe umeuchagua mwenyewe.