Pampu ya Choo cha Mama Mkwe

Nisikilize polepole, na usione haya, kwa sababu nitakueleza habari za choo. Si choo cha nyumba. Ni choo cha gari, lile gari kubwa lenye kitanda, jiko na bafu ndani yake, ambalo mzungu mmoja alituachia gereji hapa Free Area, Nakuru, injini ilipokufa kabisa. Mimi ni fundi wa nyaya za magari. Nililivuta hadi kwangu Kiamunyi, nikaliegesha kando ya ua, nikijua siku moja litafaa.

Lilifaa mama mkwe alipougua figo. Daktari wa hapa mjini alitaka kumwona kila wiki, na kwake magharibi ni mbali. Lakini kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, wala hatumii choo chake, na mkwe haangalii kitanda cha mama mkwe. Babu zetu walikuja Nakuru na kazi ya reli, na mila zilipanda behewa lilelile. Gari lilituokoa. "Hii si nyumba yake," mama mkwe alimwambia binti yake, "nyumba haina magurudumu." Akahamia humo.

Daktari alikuwa amesisitiza jambo moja: anywe maji mengi, kutwa nzima. Asubuhi moja mke wangu, akikimbilia kazini, alisimama mlangoni na jagi mkononi. Lilikuwa limejaa kama alivyoliacha jana yake.

"Mama hanywi," alisema. "Midomo imepasuka, na bado anasema hana kiu! Nimebonyeza kitufe cha choo. Kimya."

"Tangu lini?"

"Utamuuliza wewe?"

Nisingeweza. Ndipo nikaelewa. Choo kilikuwa kimekufa, naye aliona heri akauke kuliko neno hilo linifikie, hata kupitia kwa binti yake.

Sikwenda kazini. Choo cha namna hii hakina lile tangi la juu kama cha nyumbani. Kina kitufe, na pampu ndogo iliyokaa ndani ya maji. Ukibonyeza, betri huizungusha pampu na maji yakaja. Kwa hiyo mambo ya kukagua ni machache, hata wewe unayaweza. Nilifungua kimlango cha nje. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikaiunganisha pampu moja kwa moja na betri, ikanguruma vizuri. Basi ugonjwa ulikuwa katikati, kwenye waya. Na waya ulipita chini ya kitanda chake.

"Mama," niliita nikiwa nje, "nimejua shida iko wapi."

"Iko chini yangu," alijibu kutoka ndani. "Gunia langu la njugu liko hapo, na panya wamelijua."

"Basi wametafuna waya. Nitamwita fundi mwenzangu..."

"Usiniletee mwanamume mwingine huku. Nieleze. Mikono ninayo."

Nilizima betri. Nikamhakikishia kwamba hata ikiwashwa haina nguvu kama stima ya nyumba, haimrushi mtu. Nikapitisha kisu kidogo na tepu nyeusi dirishani. Mkono uliovipokea ulikuwa umekonda, ngozi imekunjamana kwa kukosa maji.

"Inua godoro, Mama. Kuna ubao. Chini yake kuna nyaya mbili, nyekundu na nyeusi."

"Nyekundu imekatika. Hawa panya ni wakora!"

"Vizuri. Menya ile plastiki kidogo kila upande, kama unavyomenya muwa, mpaka uone shaba. Taratibu. Hakuna kitu utaharibu."

Nilimsikia akihema. Kisha kitu kikaanguka sakafuni, na baada ya hapo sikusikia chochote.

"Mama?"

Niliweka mguu kwenye ngazi, mkono kwenye kitasa. Nilimwaza mke wangu, nikauwaza ukoo mzima wa kule magharibi, nikaziwaza zile figo.

"Mama, naingia."

"Thubutu!" Sauti ilikuwa ndogo lakini kali. "Kisu ndicho kimeanguka. Napumzika. Kwani wewe ukifanya kazi hupumziki?"

"Napumzika, Mama."

"Basi shuka hapo kwenye ngazi. Gari limeinama, najua uko hapo."

Nilishuka. Alisokota shaba kwa shaba, akazungushia tepu, nami nikawasha betri. Alipobonyeza, maji yalishuka kwa kishindo.

"Sasa unywe, Mama."

"Nenda kwanza."

"Glasi moja tu, nikiwa hapa."

"Na nikishakunywa? Utasimama hapo usikilize? Nenda, baba."

Nikaenda zangu gereji, ingawa siku ilikuwa imeshaharibika. Jioni mke wangu alitoa jagi limebaki nusu, akacheka kwa furaha. Mimi sikuweza kucheka. Kama aliweza kuficha kiu kwa ajili ya heshima, kwa heshima hiyohiyo angeweza kuficha homa, au damu, nasi tukamwamkia kila siku pale dirishani na kujibiwa kwamba hajambo. Sijui bado anaficha nini. Anakunywa maji, hilo najua kwa mngurumo wa pampu, na kwa sasa ndilo pekee ninaloweza kulisikia nikiwa nje.

Kwa hiyo, ukimlaza mgonjwa kwenye gari kama hili, usimuulize kama choo kinafanya kazi. Kila asubuhi, kabla ya kumpelekea maji, mtume binti yake abonyeze kile kitufe, nawe usimame nje usikilize kama pampu inanguruma.