Nyayo Zilizoingia Bila Kutoka

Siku ya tisa tangu astaafu, baba yangu aliamka akakuta nyayo za mwanaume uani kwetu.

Nyayo za viatu. Zinatoka njiani, zinakatiza uwanja uliofagiliwa, zinaishia mlangoni.

Zimeingia. Za kutoka hazipo.

Nyie mnaosoma, hiyo ilikuwa mwaka 1952, Buguruni ya mashamba, nyumba moja hapa, nyingine kule ng'ambo ya mikorosho. Mie Auleria nilikuwa na miaka kumi. Mengine niliyaona, mengine baba alinisimulia uzeeni huku akijicheka.

Baba, mzee Adelard, alikuwa mpiga makaa wa gari moshi. Miaka ishirini na mbili, Dar, Tabora, Kigoma. Nyumbani alikuwa kama mgeni: analala siku mbili, anaondoka. Sasa mgongo umemshinda, kapumzishwa.

Asubuhi ile akarudi ndani. Akachungulia uvungu wa kitanda. Akachungulia darini. Akafunua hadi tenga la kuku.

"Unatafuta nini, Baba Auleria?" mama akauliza.

"Panya."

"Kwenye tenga la kuku?"

"Panya wa siku hizi hawana adabu."

Kesho yake, nyayo tena. Keshokutwa, tena.

Baba akavunja kijiti akapima unyayo, kisha akapima mguu wake mtupu. Ule uliuzidi wake kwa vidole viwili.

Jamaa ni pande la mtu.

Hapo wivu ukampanda. Akaapa: akimshika, Jumapili mama anapandishwa treni ya Mwanza, kisha meli, arudi kwao Bukoba, na mie nabaki. Hakumwambia mama. Mie aliniuliza tu, "Utaweza kupika peke yako?" Nikalia bila kujua ninalilia nini.

Akaweka kiti kibarazani, kutwa nzima macho kwa mama.

Alitaka kumwona mwanaume. Alichokiona ni hiki: mama kisimani mara nne kabla jua halijawa kali. Mama kinuni. Mama akipepeta, akifua, akichanja kuni, akikandika ukuta uliobomolewa na mvua. Chakula chake alikula amesimama. Kufika saa kumi baba amechoka, na kazi yake ilikuwa kukaa.

"Hivi we huketi?"

"Nitaketi," mama akasema, akaondoka na debe.

Lakini shaka haikumtoka. Jioni akaenda dukani kwa Bi Bahiya, mjane wa Kiarabu, jirani yetu wa karibu kuliko wote.

"Shikamoo, Bi Bahiya."

"Marahaba. Makubwa, leo reli imekutapika?"

"Nimestaafu. Nikuulize jambo. Kuna mwanaume alikuwa akija kwangu nikiwa safarini?"

Bi Bahiya akaendelea kupima sukari. "Yupo. Miaka mingi."

Baba akashika meza. "Wamjua?"

"Namjua sana. Mpole, hana makelele, hali chakula cha mtu. Zaidi ya hapo muulize mkeo. Siri si yangu."

Akamfungia sukari kidogo, akampa bure. Nikikumbuka, naona alikuwa akimwonea huruma.

Alfajiri iliyofuata baba alijilazimisha kuamka. Mama kitandani hayupo. Akachukua mchi, akasimama nyuma ya mlango.

Nje, sauti ya ufagio. Ikakoma. Kisha hatua nzito zinakuja kutoka njiani.

Mlango ukafunguka. Baba akainua mchi.

Alikuwa mama. Miguuni kavaa viatu vya mpiga makaa, vimeshindiliwa matambara.

"Vya nani hivyo?"

"Vyako. Ulivitupa, nikaviokota."

Kumbe baba alipima mguu mtupu, akasahau kwamba kiatu huuzidi mguu. Lile pande la mtu alilolionea wivu lilikuwa yeye mwenyewe.

Mama akaketi chini, akavivua taratibu.

"Auleria akiwa na miezi mitatu, mtu alisukuma mlango huu. Alijua humu hamna mwanaume. Nilishikilia komeo mpaka kulipokucha. Bi Bahiya ndiye aliyenifundisha, maana mumewe naye alikuwa mtu wa safari. Fagia, toka kwa nyuma, zunguka, kisha mwanaume aonekane ameingia. Hakuna aliyesukuma tena."

"Lakini sasa nipo."

"Upo. Wiki ya kwanza niliacha, nikawa sipati usingizi. Mwili umezoea. Naamka, nafagia, nakuwa mume. Naingia ndani, nakuwa mke." Akamtazama. "Wewe wamekustaafisha. Mie atanistaafisha nani?"

Baba akauegemeza mchi ukutani. Hakuomba radhi. Wanaume wa enzi zile hawakujua pa kuanzia. Aliuliza tu, "Debe la maji liko wapi?"

Kisimani wanawake walimcheka mpaka kamba zikawaponyoka.

"Baba Auleria, kulikoni, mkeo mgonjwa?"

"Hapana," baba akasema, akajitwisha. "Amestaafu."

Mjukuu wangu, kabla hujamshuku anayebaki nyumbani, mtazame siku moja nzima. Ukichoka kwa kutazama tu, inuka ukampokee mzigo.